Wimbo Uliosafishwa

Bwenini, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Leo ni tarehe nne Februari, na kabla sijaandika hata salamu naweka ahadi: katika barua zangu za muhula huu nitakueleza kila kitu, hata yale yanayonitia aibu. Nawe uniahidi vivyo hivyo. Simu haziruhusiwi hapa, na matroni hunusa chaja kama paka anavyonusa samaki, kwa hiyo karatasi ndiyo mdomo wetu.

Hamjambo? Baba hajambo? Mgongo wake? Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo kwa sababu ya furaha.

Mwimbaji wetu ameimba! Unakumbuka likizo, tulivyojifungia kwenye kabati la nguo na kile kipaza sauti cha kuazima, wewe ukitamka ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja iliyonyooka, kisha ukirudia yote kwa sauti ya juu zaidi, mpaka ukasema utaning'oa meno? Uliniuliza zote hizo ni za kazi gani, nami nikakujibu, "Utaona." Sasa ona. Kompyuta imezipokea silabi zako zote. Mimi naandika maneno, nachora kila silabi ipande wapi na ishuke wapi, na programu inaziunganisha moja baada ya nyingine hadi inakuwa mtu anayeimba. Mwalimu wetu wa kompyuta anasema Kiswahili kama kimeumbwa kwa kazi hii, maana karibu kila silabi inaishia kwenye irabu na zinashikana bila kugombana. Nachora, nabonyeza, na unaimba wewe, maneno ambayo hujawahi kuyasema.

Unajua mimi nikiimba mwenyewe wasichana wa bweni huuliza nani kakanyagwa. Ndiyo maana nilikuhitaji.

Wimbo wenyewe ni wa huzuni. Unaanza hivi:

Nani anabisha, na nyumba haina mlango?
Nani ananiita, na jina nimelisahau?
Niwashie taa, nione nilipolala,
niwashie taa, kisha uizime.

Tarehe 23 Machi ni siku ya wazazi, na mwalimu wa kompyuta amekubali wimbo wetu upigwe ukumbini. Dada, nataka Baba aje. Likizo aliponisikia naeleza mpango huu alisema, "Kitu kisichopumua hakiimbi," akaendelea kukanyaga cherehani yake. Nataka akae kiti cha mbele, asikie hadi mwisho, kisha anitazame usoni na kulirudia hilo neno kama ataweza.

Flashi yetu imo ndani ya bahasha. Ichomeke kwenye redio, pale ubavuni.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 13 Februari

Chiriku wangu,

Haya, nimeahidi. Umeridhika?

Bahasha imefika, flashi haikuvunjika, na nimesikiliza. Nilishika ukuta. Wewe mtoto! Unanitia kaburini na mimi nimesimama jikoni na mwiko mkononi! Jirani alipita akaniuliza, "Unaumwa nini leo, mbona unaimba hivyo?" Nikamwambia naumwa na mdogo wangu.

Baba naye kasikia. Alikuwa amejilaza kidogo, mgongo tu, unawajua mafundi. Nikamwekea redio karibu na mto. Wimbo ulipoanza alikunja uso, neno la kwanza likawa, "Huyu mtoto anakula vizuri huko?" Nikamwambia nyamaza usikilize. Akafumba macho. Kufika katikati akaanza kutabasamu. Mguu wake ukawa unatikisika chini ya shuka. Nikamuuliza, "Baba, unacheka nini, na wimbo ni wa maiti?" Akasema, "Wewe acha tu. Rudisha mwanzo." Nilirudisha mpaka betri zikaanza kulegea. Kwa hiyo usitafute tena sifa, umekwisha sifiwa.

Kuhusu hiyo siku ya wazazi anasema atakuja. Ameanza hata kujikatia koti. Maisha yake yote anawashonea watu makoti na yeye anavaa sweta. Safari hii amesema hatakwenda kumwaibisha mwanawe mbele ya walimu. Cherehani inalia kutwa, mimi na majirani hatupati amani.

Kuna sketi mpya ya sare kwenye kifurushi hiki, ya zamani ulisema imekupanda magotini. Ameishona yeye mwenyewe.

Swali langu moja. Kwa nini huzuni hivyo? Mama hatunaye, sawa, lakini ulikuwa mdogo hata kumkumbuka hukumbuki. Nani anakubishia mlango wewe?

Dada yako

*

Bwenini, 2 Machi

Dada mpendwa,

Asante kwa sketi. Inanikaa kiunoni vizuri sana. Ila, na hili umwambie Baba kwa upole, pindo limekwenda upande! Linaanza chini, linapanda, kisha linajutia na kushuka. Nililipima kwa rula mbele ya mashahidi. Yule yule aliyenifumulisha sare ya mwanasesere kwa sababu nilikosea mshono mmoja! Mwambie namtoza faini, atailipa tarehe 23.

Kwa nini huzuni? Nimelifikiria swali lako wakati wa kufua. Nilijaribu kwanza wimbo wa furaha, Dada. Haukukubali. Sauti ya kompyuta ikifurahi inasikika kama mtu anayekwambia hajambo huku amekupa kisogo. Lakini ukiiandikia huzuni unaiamini. Haina machozi, haitetemeki, inasema tu mambo ya kutisha kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha maliza kulia. Sina anayenibishia mlango. Ni wimbo tu. Usiwe na wasiwasi nami.

Sasa jambo la aibu, maana niliahidi. Ule wimbo niliowatumia ulikuwa mchafu. Kila ukifika kwenye "na" au "ni" kuna kitu kinakwaruza nyuma, tk-tk-tk, kinakuja na kukatika. Na mimi nimejaza na na ni kila mstari! Mwalimu wa kompyuta aliinamisha sikio akauliza ni nini hicho. Ikabidi niseme: ni cherehani ya baba yangu. Unakumbuka siku ile? Kila tulipoanza kurekodi nilipiga kelele kutoka kabatini, "Baba, simama!" naye anasimama, anangoja mguu ukiwa hewani, na tukimaliza anauliza, "Tayari?" Alisimama kwa silabi zote isipokuwa mstari mmoja, na, ne, ni, no, nu, kwa sababu yule mteja wa suruali alikuwa amekuja juu, amesimama mlangoni anapiga makofi. Baba akasema, "Endeleeni tu, nitakanyaga polepole." Ndiyo hiyo polepole yake.

Basi mwalimu amenifundisha kusafisha. Unachagua kipande kidogo ambacho hakina kuimba, kina kelele peke yake, unaiambia kompyuta: huu ndio uchafu. Inaukariri. Kisha unaipa silabi zote, nayo inautafuta uchafu ule ule kila ulipo na kuuondoa. Mara ya kwanza nilisafisha mno, ukasikika kama unaimba ndani ya bomba. Nimerudia mpaka ikakaa sawa. Sasa ni wewe tu, peke yako kabisa, kama upo mahali pasipo na kuta. Wasichana wawili walilia. Nimeweka silabi mpya juu ya zile za zamani, ili nisije nikachanganya.

Hii flashi nyekundu ni ya mwalimu, tafadhali irudi. Mpeleke fundi simu wa pale kona flashi yetu pamoja na hii, afute ule wimbo mchafu na kuweka huu. Sitaki ule wa kwanza ubaki mahali popote, naona haya. Na Baba ausikie huu kabla hajaja.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 12 Machi

Chiriku,

Nisamehe kwa ufupi, mikono imejaa.

Flashi ya mwalimu hii inarudi. Yetu nimeiacha kwa fundi simu pamoja na maelezo yako; wimbo mpya ameshaunakili kwenye kompyuta yake. Alikuwa na foleni ya maredio yaliyokufa, kasema atashughulika akipata nafasi. Baba ameusikia wimbo mpya kabla sijaifunga flashi hii. Amesema imekuwa safi.

Pindo amecheka. Kasema faini atalipa.

Koti bado mikono tu. Cherehani inalia, kama kawaida. Usome.

Dada yako

*

Bwenini, 24 Machi

Dada mpendwa,

Jana ilikuwa siku ya wazazi, na kama nilivyoahidi nakueleza yote.

Niliweka sweta langu kwenye kiti cha tatu, mstari wa mbele, na jingine la rafiki yangu kwenye kiti cha nne, chako. Watu walijaa. Mama mmoja aliuliza mara mbili kama masweta hayo yanasubiri mtu, nikasema ndiyo, wako njiani. Kila mlango uliposukumwa nilisimama. Matroni akaniambia, "Kaa, utachoka hata kabla ya kusifiwa."

Wimbo ulipigwa baada ya ngonjera. Dada, ukumbi ulinyamaza hivi kwamba nikasikia feni. Sauti yako ilijaa mpaka darini. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ulipofika kwenye "kisha uizime" mzazi mmoja mwanamume alivua miwani. Mkuu wa shule akasimama akasema, "Sauti safi sana. Mwimbaji yuko kidato gani?" Watu wakacheka nilipomweleza, nami nikacheka nao, huku nikitazama kiti. Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyekuja kukaa kwenye kiti cha Baba mwishoni. Aliomba radhi kwanza.

Mwambie Baba simlaumu. Najua nguo za watu hazingoji, na huenda yule wa suruali amekuja tena kupiga makofi. Ila ungeniandikia mapema, ningewapa watu viti. Nitampigia wimbo mwenyewe likizo, akae kwenye kigoda chake, na cherehani tuifunike kwa shuka.

Koti limekwisha?

Mdogo wako,
Chiriku

*

Bwenini, 28 Aprili

Dada,

Nilirudi shuleni jana. Wasichana wamenipokea vizuri, wamenitandikia kitanda, hakuna aliyenitania. Hata matroni kaniletea chai mwenyewe.

Sijui salamu ya kukuandikia. Nyumbani hatukupata hata dakika ya kukaa wawili. Wewe ulikuwa na masufuria na wageni, mimi nikawa nashikwa mkono kutoka chumba hadi chumba. Sasa nauliza kwa karatasi.

Siku ya mazishi ya Baba, baba mkubwa aliwaambia watu, mimi nikiwa pale pale, "Ndugu yangu ameteseka tangu mwaka mpya, hajashika kazi." Alisema kama jambo linalojulikana na nyumba nzima. Niliitikia kwa kichwa. Niliona haya kuwa mimi peke yangu sikujua. Tangu mwaka mpya, Dada! Nilipoondoka kurudi shule Baba alinifungia sanduku kwa kamba, nikamwona anapumzika katikati ya fundo, nikamwambia, "Baba, umezeeka." Nilimwambia hivyo.

Wageni walipokwenda kula niliingia kwenye chumba cha kazi. Cherehani haina uzi. Sindano tupu, vumbi kwenye kibweta cha uzi. Lakini kibao cha kukanyagia kiling'aa kama kilichokanyagwa jana. Sikuelewa, na sikukuuliza, kwa sababu nilihofia nitapiga kelele mbele za watu.

Uliniandikia "cherehani inalia kutwa." Uliandika "mgongo tu." Uliahidi. Mimi nilikueleza hadi habari za feni.

Nieleze yote sasa, hata kama ni mabaya.

Chiriku

*

Nyumbani, 6 Mei

Mdogo wangu,

Una haki. Nakuandikia yote na sitajipamba.

Haukuwa mgongo. Yalikuwa mapafu, na hospitali walimwambia kabla wewe hujaondoka. Alikataza usiambiwe. Alisema, "Huyu ana kitu chake anakitengeneza. Akijua, atakiacha mezani. Mwache mpaka siku ya wazazi, mimi mwenyewe nitamwambia, nikiwa nimevaa koti." Mimi ni nani nimbishie? Nikakuahidi kwa mkono huu na kuvunja ahadi kwa mkono huu huu, tena katika barua ile ile.

Pindo la sketi ni langu. Alinielekeza kutoka kitandani, "Vuta, legeza, vuta," na mimi nikalipeleka upande. Barua yako ya rula ilipofika nilimsomea. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie faini ni yangu, nilikuwa msimamizi."

Na cherehani ililia kweli. Hapo sikukudanganya, ila sikusema nani anaikanyaga. Baba hakuweza kulala nyumba ikiwa kimya. Alisema anajiona kama yuko ndani ya duka lililofungwa. Basi nikawa naingia kule, nakanyaga bila uzi wala kitambaa, yeye kule anasinzia. Siku ya kwanza aliniita: "Huo mguu si wangu. Wangu husita kidogo kabla ya kukaza." Nikajaribu kusita. Akasema, "Hapana, sasa unachechemea. Haya, endelea tu, hivyo hivyo."

Tarehe 23 aliamka akaomba maji ya kuoga. Nilimvika koti, lile alilokuwa akijishonea kwa mkono kitandani. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa, wa pili ulikuwa umeshikizwa kwa pini. Alifika mlangoni, akashika fremu, akasimama pale kwa muda. Kisha akakaa chini taratibu, akasema, "Tutakwenda kesho." Nikasema, "Sawa, Baba, kesho." Barua yako ya masweta sikumsomea. Nilimwambia umeandika kwamba ukumbi ulijaa na watu walilia, naye akasema, "Wacha walie."

Limebaki moja, nalo sielewi mpaka leo. Ule wimbo wa pili, uliousafisha, nilimwekea kama ulivyotaka. Safari hii hakutabasamu. Alilala ametega sikio, kama mtu anayengoja mgeni, na mguu wake ulitulia kabisa. Ulipoisha akasema, "Mwambie imekuwa safi." Hayo nilikuandikia. Lakini baadaye, amegeukia ukuta, akasema neno jingine, polepole: "Mmenitoa." Nikamuuliza, "Tumekutoa wapi, Baba?" Akavuta shuka hadi shingoni. Nikadhani ni homa. Sikukuandikia kwa sababu lilikuwa neno la ajabu na wewe ulikuwa na shughuli yako. Labda wewe utajua. Mambo haya ya sauti mlielewana kuliko mimi.

Nikasirikie ukitaka, lakini niandikie.

Dada yako

*

Bwenini, 12 Mei

Dada yangu mpendwa,

Sikukasirikii. Nilikuwa na hasira mpaka kwenye lile neno la mwisho, kisha sikuwa nayo tena.

Najua alimaanisha nini. Katika wimbo wa kwanza alikuwemo. Kila ulipoimba "nani", kila ulipoimba "niwashie", nyuma yako alikuwa yeye anakanyaga polepole. Ndiyo sababu alitabasamu. Ndiyo sababu mguu ulitikisika. Aliutambua mguu wake, ukisita kidogo kabla ya kukaza, akiwa amelala na hawezi kuinuka. Kisha mimi nikachagua kipande kidogo chake nikaiambia kompyuta, huu ndio uchafu, mtafute kila alipo. Nayo ikatii. Aliusikiliza wimbo wote akijingoja.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa mwalimu wa kompyuta wakati wa mapumziko. Nilimweleza yote. Hakuniambia kwamba alinifundisha kuweka nakala ya zamani kwanza, ingawa alinifundisha. Alipekua kompyuta zote za chumba, na ile mbovu ya stoo aliifungua kwa bisibisi. Hakuna. Nilihifadhi juu ya zile za zamani, na kompyuta haikumbuki kilichokuwa chini.

Nimefungua silabi ya "na" nikaisikiliza peke yake, masikio yamefunikwa na vipokea sauti. Ni safi, Dada. Niliongeza sauti hadi mwisho, nikafunga macho, nikatega kama alivyotega yeye. Nilisikia wewe ukianza na wewe ukimaliza. Katikati hakuna mtu.

Hatuna sauti yake popote. Hakupenda kurekodiwa, na kwenye simu alikuwa anasema "haya" na kukata. Cherehani ipo, lakini wewe mwenyewe umeniambia mguu si ule. Kwa hiyo nimebakiwa na sehemu moja tu ya kuuliza: ile flashi yetu iliyobaki kwa fundi simu pale kona. Niliandika aufute ule wimbo, na kwamba sitaki ubaki mahali popote. Niliandika hivyo hasa. Wewe uliniambia ana foleni, kwamba atashughulika akipata nafasi, kisha mambo ya nyumbani yakaja na hukuutaja tena. Kila nikilala namwombea fundi huyo uvivu. Namwombea redio nyingi mbovu, wateja wakorofi, na umeme wa kukatika.

Ikiwa upo, sitausafisha tena kamwe. Nitazichukua zile na, ne, ni, no, nu zikiwa na mkwaruzo wake, nitengeneze wimbo wenye silabi hizo peke yake, hata kama hauna maana yoyote. Likizo nitauweka kwenye redio, karibu na kigoda chake, na sitaifunika cherehani.

Nenda leo, tafadhali, kabla hata ya kufua. Ukimkuta ameishika mkononi, mwambie aiweke chini.

Mdogo wako,
Chiriku

Nimetia ndani bahasha yenye stempu ili usipoteze muda. Usiandike salamu, usiandike habari za wageni, nijibu kwa posta inayorudi hili tu: ameshaufuta?